Tapeti ikinyamaza kabisa: kuseti valvu za Honda CG125 ya zamani

Swali la msomaji wa Moshi: "Shikamoo fundi. Nina Honda CG125 ya zamani, nimeachiwa na baba. Naipandisha Kibosho karibu kila siku, na nikishuka nashuka na mikungu ya ndizi kwenda soko la Mbuyuni. Ilikuwa inagonga tiki-tiki juu ya injini. Fundi wa kijiweni akafungua, akawa anakaza tapeti, anawasha, anasikiliza, anakaza tena, hadi kelele ikaisha kabisa. Wiki mbili baadaye, mlima niliokuwa napanda na gia ya tatu sasa napanda na ya pili. Ikishapata moto kiki inakuwa nyepesi na haiwaki mpaka ipoe. Nikifunga resi kwenye mteremko, bomba linapiga kama risasi. Fundi anasema tapeti ziko sawa kwa sababu hazina kelele. Ni kweli? Kipimo ni kipi, na naweza kuseti mwenyewe nyumbani?"

Marahaba, mwanangu. Ipumzishe hiyo pikipiki kuanzia leo, usiipandishe tena Kibosho hadi umalize kusoma na kupima. Kiki kuwa nyepesi injini ikiwa ya moto, nguvu kupungua mlimani na bomba kupiga risasi, vyote vikianza muda mfupi baada ya tapeti kukazwa kwa sikio, vinaonyesha kitu kimoja: valvu haikai vizuri kwenye siti yake (kikalio chake inapofunga), na inayoshukiwa kwanza ni ya ekzosti, yaani ya kutolea moshi. Kipimo cha CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, inleti na ekzosti, injini ikiwa baridi. Kuseti utaweza mwenyewe, ni kazi ya saa moja kwa mtu anayeifanya mara ya kwanza. Kinachobaki ni kujua kama valvu imeshaungua au umewahi, na hilo utalijua baada ya kuseti, kwa njia nitakayoeleza mbele.

Kwanza tuliweke sawa suala la kelele. Kwenye CG kamshafti (mhimili unaosukuma valvu zifunguke) haiko juu kwenye hedi (kichwa cha injini). Iko chini, inasukuma pushirodi mbili, pushirodi zinanyanyua roka, na roka zinabonyeza valvu. Kati ya ncha ya skrubu iliyo kwenye roka na kichwa cha mti wa valvu lazima pabaki upenyo mdogo pale valvu inapokuwa imefungwa. Upenyo huo ndio tunaoupima tunaposema tunaseti tapeti. Roka ikivuka upenyo huo na kugusa valvu, inatoa mgongano mdogo wa chuma kwa chuma. Kwa hiyo CG iliyosetiwa sawasawa inasikika: tiki-tiki nyepesi, ya mdundo mmoja, unayoisikia ukiinama karibu na tenki na inayopotea ukiwa barabarani. Ukiua sauti hiyo yote, umeua na upenyo wenyewe. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa valvu ya ekzosti mshindo huo unakuja kweli.

Tazama jinsi upenyo wenyewe ulivyo mdogo. Chuma chenye urefu wa milimita 80 kikipanda joto kwa digrii 100 hurefuka karibu milimita 0.1. Nafasi yako yote ni 0.08. Mti wa valvu ya ekzosti hupata joto kubwa kuliko hilo, kwa sababu moshi wa moto unapita ukiulamba kila injini inapotoa pumzi. Hedi, ambayo ni ya alumini, na silinda navyo vinatanuka, kila kimoja kwa kasi yake. Hesabu hiyo yote ilishapigwa na waliotengeneza injini, wakaishusha kuwa namba moja unayoipima asubuhi injini ikiwa baridi. Sikio haliwezi kuirudia hesabu hiyo, hata liwe la fundi wa miaka thelathini.

Sasa, valvu ya ekzosti inapoaje? Sehemu kubwa ya joto lake inatoka kupitia siti. Valvu ikifunga, uso wake unabana kwenye siti, na joto linahama kwenda kwenye hedi na mapezi yake. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 3,000, yaani mara 50 kwa sekunde. Kila mara inapata muda mfupi sana wa kukaa na kupoa. Roka ikiwa imeishikilia hata unywele mmoja juu ya siti, haipoi, na juu ya hapo moto wa mlipuko unapenya kwenye ufa ule kama mwali wa gesi ya kuchomelea. Uso wa valvu unaanza kuliwa upande mmoja. Ukitoka Moshi mjini kupanda Kibosho na abiria, gia ya pili, resi imefunguliwa karibu yote, mwendo mdogo, upepo wa kupoza haba, hapo ndipo valvu ya ekzosti inapoteseka kuliko mahali popote pengine.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba nafasi ya tapeti inaweza kupungua yenyewe bila mtu kuigusa. Valvu inavyozidi kupigapiga siti, inaizamia kidogo kidogo. Ikizama, mti wake unapanda juu kuelekea roka, na upenyo unapungua. Upande wa pili, ncha za skrubu, za pushirodi na uso wa kamshafti vikilika, upenyo unaongezeka. Ni mashindano kati ya mawili hayo. Pikipiki iliyokuwa ikigonga ikaanza kutulia polepole yenyewe inahitaji kupimwa haraka kuliko ile inayozidi kupiga kelele.

Nafasi ikiwa kubwa mno nayo ina hasara zake: valvu inachelewa kufunguka, haifunguki kimo chake chote, skrubu inatwanga kichwa cha valvu kama nyundo, na nguvu inapungua kidogo. Lakini hasara hiyo inakuja taratibu na inakupigia kelele. Kwa hiyo ukijikuta katikati, fila (jani jembamba la kupimia upenyo) ya 0.08 inaingia kwa ulaini na ya 0.10 inakwaruza lakini inaingia, bora ubaki hapo kwenye ekzosti kuliko kushuka kwenye 0.06.

Tuje kwenye kazi. Injini iwe imelala usiku mzima. Honda hutaka iwe chini ya nyuzi joto 35, na mtu wa Moshi asilichukulie neno baridi kirahisi: pikipiki iliyosimama juani saa nane mchana mwezi wa pili, hata kama haijawashwa tangu asubuhi, mapezi yake yanaunguza kiganja. Fanya saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, kivulini. Aliyeko Arusha ana nafuu zaidi, hasa mwezi wa sita na wa saba.

Vifaa ni vichache. Fila geji yenye majani ya 0.05, 0.08 na 0.10, jani la 0.08 likikosekana unaweza kuunganisha la 0.03 na la 0.05, mradi uyafute yasiwe na oili katikati. Spana ya ringi ya nati ya tapeti (hizi zinatofautiana kati ya 8, 9 na 10, kwa hiyo jaribu yako mapema) na kitu cha kushikia skrubu yenyewe: nyingine zina kichwa cha mraba kidogo, nyingine zina mfereji wa bisibisi. Usishike kichwa cha mraba kwa plaizi, utakiviringisha na siku nyingine hakitashikika. Soketi ya 18 ya plagi, soketi ya nati ya magneti, spana za boliti za vifuniko, brashi, tambara safi, na karatasi na kalamu. Hakuna fila geji kabisa? Nunua. Si kifaa cha bei. Wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa takriban milimita 0.10, kwa hiyo unaweza kukuonyesha kama nafasi imepita kiasi, lakini hauwezi kukuonyesha 0.08. Na lile jani la msumeno wa chuma linaloonekana vijiweni ni nene mara nyingi kuliko tunachotafuta, lisiingie hapa.

Kabla ya kulegeza boliti yoyote, osha au piga brashi juu ya hedi na kuzunguka plagi. Vumbi letu la udongo wa volkeno ni laini kama unga na linasaga chuma vizuri sana. Likidondokea ndani ya kifuniko cha roka litakwenda na oili kila mahali. Ondoa kiti, funga bomba la petroli, ondoa tenki ili mikono yote miwili ipate nafasi. Toa plagi. Kwenye CG ni aina ya D8EA. Iangalie rangi kisha iweke pembeni, na kabla ya kuirudisha hakikisha mwanya wake ni kati ya 0.6 na 0.7. Fungua kifuniko cha roka taratibu ukiilinda raba au gasketi yake. Upande wa kushoto, fungua mahali pa kuonea alama za magneti. Baadhi ya injini hizi zina vifuniko vidogo vya mviringo vya kufungua kwa bisibisi pana, nyingine ni lazima utoe kifuniko chote.

Sasa tafuta pistoni ikiwa juu kabisa kwenye mgandamizo. Magneti ina alama mbili, F na T. F ni ya cheche, inapita kwanza. T inafuata, na hiyo ndiyo ya kwetu: ilingane na alama iliyo kwenye mwili wa injini. Zungusha kwa soketi kinyume cha mwendo wa saa ukiwa umekaa upande wa kushoto, au weka stendi ya kati, ingiza gia ya juu, na uzungushe gurudumu la nyuma kuelekea mbele. Plagi ikiwa nje, itazunguka kwa urahisi.

Hapa ndipo kosa la kawaida lilipo, na kwa pikipiki yako lina mtego zaidi. Injini ya viharusi vinne inafika T mara mbili katika mzunguko wake wote: mara moja ikiwa imegandamiza, mara nyingine ikiwa inamaliza kutoa moshi na kuanza kuvuta hewa. Kwenye hii ya pili valvu zote mbili zimefunguka kidogo, roka zimebana. Ukiseti hapo utalegeza skrubu hadi upenyo utokee, na ukifika kwenye mgandamizo utakuta nafasi kubwa ya kutisha na kelele kama cherehani. Mafundi wengi wanakufundisha hivi: ukifika T, tikisa roka, zikicheza zote mbili uko sahihi, zikibana zungusha mara moja tena. Ushauri huo ni mzuri kwa injini yenye nafasi. Wewe ekzosti yako huenda imebanwa hadi sifuri, haitacheza hata ukiwa mahali sahihi. Kuziba tundu la plagi kwa kidole usikie mgandamizo nako kunaweza kukudanganya, kwa kuwa valvu inavuja.

Kwa hiyo tumia valvu ya inleti iwe kiongozi wako. Ni ile ya upande wa kabureta. Zungusha injini polepole huku ukiitazama roka yake: itashuka ikibonyeza valvu, kisha itapanda kurudi. Ikishapanda na kutulia, endelea kuzungusha chini ya nusu mzunguko, na T ya kwanza utakayoiona ndiyo ya mgandamizo. Ikikupita kwa digrii chache usihangaike kurudia yote, rudi taratibu. Kamshafti hapo iko kwenye mgongo wake wa mviringo, digrii mbili tatu hazibadilishi nafasi.

Pima kabla ya kugusa skrubu. Andika. Namba hizo za mwanzo zitakuambia mengi, na ukizipoteza huzipati tena. Futa jani la fila, lipinde kidogo kwa vidole ili liingie likiwa limelala sambamba na kichwa cha valvu, lisiingie kwa mshazari. Jaribu 0.05 kwenye ekzosti. Isipoingia kabisa, umeshajua kilichotokea kijiweni. Fanya hivyo na inleti.

Shika skrubu isizunguke, legeza nati, kisha rudisha skrubu nyuma robo mzunguko. Ingiza jani la 0.08, kaza skrubu kwa vidole tu hadi ishikilie jani kidogo. Ulivute: linatakiwa litoke kwa mkwaruzo mwepesi wa mfululizo, kama unavyovuta noti iliyobanwa chini ya daftari. Likikatakata au likipindika unapolisukuma kurudi ndani, umebana. Jani likiwa bado ndani, shika skrubu imara na kaza nati. Kwa kawaida skrubu inataka kuifuata nati kidogo, na ndiyo maana kipimo cha kabla ya kukaza hakihesabiki. Pima tena baada ya nati kukazwa: 0.08 iingie, 0.10 ikatae. Ikiwa imebana, legeza na urudie. Mara ya kwanza unaweza kurudia mara nne au tano kwa kila valvu, ni kawaida. Nati ni ndogo na uzi wake ni mwembamba. Kaza kwa kiganja kilicho karibu na kichwa cha spana, usining'inie kwenye mkia wake.

Baada ya hapo zungusha injini mizunguko miwili kamili, urudi kwenye T ya mgandamizo, na upime zote mbili upya. Mara nyingine pushirodi ilikuwa haijakaa vizuri kwenye kikombe chake, na mizunguko hiyo inaikalisha. Namba ikibadilika, seti tena. Ikibadilika kila unapozungusha, toa roka uangalie pushirodi kama imepinda na kikombe kama kimelika.

Wapo wanaopima kwa kuzungusha pushirodi kwa vidole: ikizunguka bila kuchezacheza juu na chini, wanasema imekaa. Kinachothibitika hapo ni kwamba nafasi si sifuri. Pushirodi inazunguka kwenye 0.02 na inazunguka kwenye 0.10, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo maisha ya valvu yako.

Ukiwa bado umefungua, fanya kitu kimoja ambacho kitajibu kwa nini pikipiki ya baba ilikuwa inagonga tangu mwanzo. Ondoa skrubu moja ya tapeti kabisa, ifute, na uitazame ncha yake kwenye mwanga wa jua ukiigeuzageuza. Ncha nzima ina uso uliong'aa, laini, wa mviringo kidogo. Ncha iliyochoka ina kijishimo katikati, kama alama ya ukucha kwenye sabuni, na pembezoni mwake pana ukingo uliobaki juu. Jani la fila ni bapa, linapita juu ya ukingo ule bila kuzama kwenye shimo. Kwa hiyo fila inasema 0.08 wakati kichwa cha valvu, kinachoingia ndani ya shimo, kina safari ya 0.15 au zaidi. Hapo ndipo kelele inapokataa kuisha hata tapeti ikiwa "sahihi", na ndipo fundi asiyeitazama ncha anapoendelea kukaza hadi valvu inanyanyuka. Dawa ni kubadilisha skrubu na nati yake, siyo kuikaza. Usiisawazishe kwa jiwe la kusagia ukadhani umepona: ngozi yake ngumu ni nyembamba, ukiiondoa, chini yake ni chuma laini kitakachochimbika ndani ya wiki chache. Angalia pia kichwa cha valvu kama kimepondeka kingo zake. Kama kimepondeka sana, valvu hiyo usiivute kupitia kwenye gaidi (mrija unaoongoza mti wake) bila kwanza kulainisha kingo, itaikwaruza gaidi.

Kabla ya kufunga, dondoshea oili kidogo kwenye roka na ncha za pushirodi. Futa sehemu za kukalia raba, rudisha kifuniko, kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo. Raba ikiwa imekauka na kupasuka nunua nyingine. Silikoni nyingi ya kupaka si mbadala mzuri: inayozidi inajikunja ndani, inakatika, na vipande vyake vinaishia kwenye chujio la oili. Tenki likiwa bado limetoka, ni wakati mzuri wa kutazama gasketi ya bomba la moshi pale linapoingia kwenye hedi. Bomba linalovuta hewa hapo nalo linapiga risasi ukifunga resi, na utakuwa unailaumu valvu bure.

Washa. Sauti ya tiki-tiki itarudi. Iache. CG haina cheni ya taimingi, kwa hiyo ukisikia mlio wa kukwangua au wa cheni huku juu, chanzo ni kingine.

Sasa lile swali la kama valvu imeshaungua. Endesha hadi injini ipate moto vizuri, zima, piga kiki taratibu kwa mkono. Ikirudisha upinzani mzito kama zamani na kuwaka mara ya kwanza au ya pili, umewahi. Ikiwa bado nyepesi, mimina oili ya injini kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi, zungusha mara kadhaa ili ienee, rudisha plagi, upige kiki tena. Upinzani ukirudi wazi, tatizo ni ringi za pistoni. Usiporudi, ni valvu. Njia iliyo wazi zaidi ni kwenda kwa fundi wa tairi mwenye kompresa na mpira unaoweza kufungwa kwenye tundu la plagi. Pistoni iwe T ya mgandamizo, gia ya juu imeingizwa, breki ya nyuma imeshikwa, kwa sababu hewa itataka kuisukuma pistoni chini. Ingiza hewa kidogo kidogo na usikilize. Mluzi ukitokea mwisho wa bomba la moshi, ni valvu ya ekzosti. Ukitokea kwenye kabureta, ni inleti. Ukisikika kwenye tundu la kuwekea oili, ni ringi.

Na ukipimiwa kwa geji ya kompresheni, kumbuka ulipo. Moshi mjini hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, na Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya bahari, kwa karibu asilimia 15. Geji itasoma chini kwa kiasi kama hicho hata kwa injini nzima. Zipo injini nzuri zilizofunguliwa bure kwa sababu namba ya kwenye kitabu ililinganishwa na geji bila kuangalia mwinuko.

Valvu ikiwa inavuja, hedi lazima itoke. Ukiona uso wake una madoadoa mepesi tu, inaweza kusagwa kwenye siti yake kwa dawa ya kusagia, kwanza ya punje kubwa kisha laini, hadi upate mstari wa kijivu usiokatika kuzunguka uso wote, upana wa takriban milimita moja. Ioshe dawa yote kwa petroli, ikaushe, unganisha valvu na springi zake, geuza hedi, mimina petroli kwenye njia ya ekzosti: isivuje hata tone kwa dakika kadhaa. Ikiwa ukingo umeliwa pembeni kama kuki iliyong'atwa, hakuna kusaga. Ni valvu mpya, na siti ikaguliwe na mwenye vifaa vya kuikata. Atikise pia valvu ndani ya gaidi yake. Gaidi iliyopanuka itaiharibu na valvu mpya.

Kwa msomaji mwenye pikipiki nyingine: usichukue hii 0.08 ukaipeleka kokote. Injini nyingi za Kichina zilizoiga CG zina pushirodi kama hizi, na vitabu vyake kwa kawaida hutaja kati ya 0.05 na 0.08, lakini soma cha kwako. Zenye kamshafti juu, ambazo utazitambua kwa vifuniko vidogo viwili vya tapeti kwenye hedi, zina namba zake, na mara nyingi inleti na ekzosti hazilingani. Mwenye Yamaha AG100 au DT125 za viharusi viwili asitafute tapeti, hazina.

Kwako wewe, pima tena baada ya kilomita 500, kwa kuwa skrubu mpya na siti iliyosagwa vinakaa kidogo mwanzoni. Baada ya hapo kila kilomita 4,000. Kwa anayetembea kilomita 120 kwa siku ni kama siku 33, kwa hiyo kila mwezi mara moja inatosha kukumbuka. Andika tarehe, kilomita na namba ulizozikuta kabla ya kuseti, ubandike kipande cha karatasi chini ya kiti. Ukiona ekzosti inashuka kila mwezi, 0.08, 0.06, 0.04, siti inazama, na una muda wa kutafuta valvu na fundi wa hedi kabla haijakulaza njiani na mzigo wa ndizi.